Siku Niliyojiandika Shahidi

Mimi ni mtu wa kutazama mabega. Mtu akinisemesha, macho yangu hupanda mpaka hapo, yakatua, yasiende mbele. Najua kwamba mwalimu wangu wa hesabu ana alama ya pasi kwenye bega la shati lake la buluu, na kwamba dereva wa basi letu la asubuhi ana manyoya ya paka begani kila siku ya Mungu. Sura zao ukiniuliza sikwambii. Mama husema nimezaliwa na haya ya watu wawili, yangu na ya pacha asiyekuja.

Basi ndivyo nilivyoijua namba ya begani ya yule polisi. Sikuikariri. Ilikuwa tu mbele ya macho yangu, inang'aa juani, na kila nilipofumba macho usiku niliiona palepale, imeelea.

Ilikuwa Jumamosi ya mpira, Wembley, hapa London. Siku za mpira mtaa wetu hubadilika rangi. Watu humwagika kutoka stesheni kama maji ya rangi moja, na sauti yao haina maneno, ni mvumo tu, kama ukizamisha masikio kwenye beseni la kuogea ukaisikia nyumba nzima kwa mbali. Mimi huzipenda siku hizo. Hapana anayekutazama. Unaweza kutembea ndani ya mvumo ule ukafikiria mambo yako, ukawa kama mtu aliyelala na huku miguu inakwenda.

Mama na mimi tulikuwa tunakwenda Stratford, hitmani kwa rafiki yake aliyefiwa na mama yake. Mama hufanya kazi ya kutunza wazee siku tano kwa wiki, lakini ukimuuliza kazi yake ni nini hasa, moyoni atakwambia ni kupika kwenye shughuli za watu. Wanawake wetu wa Kiunguja na Kipemba huku hawaanzi kupika mpaka yeye afike. Na ana kitu ambacho wengi wao hawana: mbuzi ya kukunia nazi ya kweli, ya mti, ya kukunja, yenye ulimi wa chuma wenye meno. Aliipakia sandukuni tulipohama, mimi nikiwa na miaka tisa, mahali palipokuwa pa viatu vyangu. Wenzake wanatia tui la kopo. Mama akilionja tui la kopo hufumba macho kama anayepokea habari za msiba.

Kwa hiyo siku ile alikuwa na kikapu chake cha ukili, ndani yake mbuzi imefungwa kanga. Mimi nilibeba mfuko wa nazi.

Polisi wawili walisimama karibu na mlango wa stesheni. Mmoja akanyoosha mkono tusimame.

"Habari za mchana," akasema kwa Kiingereza.

Kiingereza cha mama ni cha kazini, kifupi lakini kina adabu. "Nzuri sana, ahsante, na wewe je? Na nyumbani hawajambo?"

Yule polisi akamtazama mwenzake, wakacheka kidogo. "Kuna nini kikapuni?"

"Cha kupikia."

Akaifungua kanga, akaona meno ya chuma. Uso wake siujui. Najua bega lake lilipanda. Akasema hili ni bapa la kukatia, na siku ya mpira mtu hatembei na bapa barabarani. Mama akatafuta neno la Kiingereza la kukuna nazi asilipate, basi akafanya kama angefanya mtu yeyote wa kwetu, akaonyesha. Akachuchumaa pale pale kwenye lami, akakalia kitu kisichokuwepo, akashika nazi isiyokuwepo, akaikuna kwa mikono miwili, taratibu, huku anatabasamu. Watu wa mpira wakaanza kucheka. Wengine walitoa simu.

"Na huko kichwani umeficha nini?" polisi akauliza.

Hakungoja jibu. Alipitisha mkono nyuma ya shingo ya mama, akauvuta mtandio. Pini yenye kichwa cha lulu ya bandia ilidondoka, ikabiringika mpaka kwenye ukingo wa njia. Nywele za mama zilikuwa mabutu manne, zimeshikana na mafuta, na mvi mbele ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuziona mchana. Mama akajifunika kichwa kwa mikono miwili, angali amechuchumaa, kama mtu anayejikinga na mvua ya mawe.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa nazi. Sikuuweka chini. Sikusema neno. Niliitazama ile namba.

Polisi aliichukua mbuzi, akamrudishia mama mtandio wake kama anayerudisha kalamu, akatwambia tuna bahati, twendeni. Hakuandika kitu. Hakutupa karatasi yoyote. Tulirudi nyumbani, na mama akampigia rafiki yake simu akamwambia kichwa kinamgonga, hitma isomwe bila yeye.

Baada ya hapo mama alijikunja. Alikwenda kazini na kurudi kwa vichochoro, mtandio juu ya mtandio, na kofia ya koti juu ya yote hata kukiwa na jua. Wanawake walimpigia: kuna arusi, kuna maulidi, kuna mtoto anatolewa arubaini. Alikuwa amechoka. Kila mara alikuwa amechoka. Jikoni tulianza kula mkate na mayai, na nyumba yetu ikawa haina harufu, nami nilitembea ndani yake kama ndani ya nyumba ya mtu mwingine niliyoiota.

Aliyenitoa maneno ni bibi mwenye duka. Ni Muhindi wa Unguja, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Aliondoka kule msichana, na Kiswahili chake kimebaki cha msichana yule. Anakaa Stanmore na kila asubuhi huja kwa treni kufungua duka lake la mihogo, bamia na nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako kanihama? Nazi zangu zimeota ndevu zinamngoja."

"Hajambo. Amechoka tu."

"Kachoka, yule? Yule hata siku akifa atanyanyuka kukosoa pilau ya hitma yake. Sema kweli, weye."

Nikalisemesha bega lake, lenye shali ya zambarau, nikamaliza yote. Alikuwa anapima bamia. Mkono wake ulibaki hewani.

"Mmeshitaki?"

"Polisi, bibi?"

"Polisi ndiyo. Kwani wao nani, malaika? Mimi nimewashitaki mara mbili. Mara ya kwanza wamenizungusha, mara ya pili wameniomba radhi." Akavuta kiti, akakaa. "Huna haja ya wakili. Ni fomu tu, iko kwenye mtandao wa polisi wenyewe. Iko na ofisi ya nje inayowaangalia, lakini ukiandika huko nayo kwanza itarudishwa kwa polisi, usije ukashangaa. Andika siku, saa, pahala, namba ya begani, nani kaona. Na waambie mapema wasifute picha za kamera ile wanayovaa kifuani. Kamera zile zinasahau kuliko mimi."

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka nikadhani hakusikia.

"Nishitaki ili iwe nini?"

"Iandikwe, mama."

Akaweka shati juu ya magoti. "Iandikwe kwamba hakuwa na haki ya kunivua. Hilo tu. Sitaki afukuzwe. Nataka pahala fulani, kwenye karatasi yao, pawe na neno hilo."

Tukakaa na kompyuta yangu ya shule kwenye meza ya jikoni. Nje mvua ilikuwa nyembamba, ile ya London isiyonyesha wala kuacha, na taa za magari zilipita ukutani kama samaki.

"Anza," mama akasema. "Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, tunawatakia na nyinyi afya."

"Mama, hapana pahala pa salamu."

"Unamwandikia mtu mashitaka hata hujamsalimu? Watasema tumelelewa wapi?"

Nikaandika. Malalamiko yetu kwa polisi yalianza kwa kuwaarifu kwamba sisi hatujambo.

Tukaja kwenye sanduku lililouliza kama kuna shahidi. Kidole changu kikasimama.

"Wanataka nini hapo?"

"Nani aliona."

"Acha wazi. Una mitihani. Sitaki jina lako likae kwenye makabati ya polisi."

Nikaacha wazi. Nisidanganye, maana hapa ninaandika peke yangu: nilipumua.

Wiki mbili baadaye akapiga mwanamke kutoka idara yao ya malalamiko. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayeshika kikombe cha chai. Nikaweka simu katikati ya meza, nikawa mkalimani. Kazi hiyo naijua tangu utotoni. Nimemsemea mama kwa daktari, benki, kwa fundi wa bomba. Ukitafsiri hupo pale. Maneno hupita ndani yako kama upepo kwenye pazia.

"Muulize anajisikiaje tangu siku ile."

"Mwambie sijambo, alhamdulillah, na namshukuru kwa kuniuliza."

"Aliumia popote?"

"Mwambie hapana neno."

"Kuna lolote angependa kuongeza kuhusu yule polisi?"

Mama akafikiri. "Mwambie naye ni kijana wa watu, ana mama yake. Sina kinyongo naye."

Nikatafsiri kila neno, na nikatafsiri vizuri. Simu ikakatika na mama akabaki anaitazama. Alikuwa bado anangoja. Kwetu mtu haanzi na kidonda. Unasema hujambo, mwenzio anasema alhamdulillah, mnapumzika kidogo, halafu mwenzio anauliza tena kwa sauti ya chini, eti, kwani imekuwaje hasa? Hapo ndipo unapofungua. Mwanamke yule hakuuliza mara ya pili, na mimi niliyejua kwamba lazima aulize sikumwambia. Nilikuwa pazia.

Barua ikaja. Nilimsomea mama nikiwa nimesimama, na koti la shule sijalivua. Polisi anasema kamera yake aliiwasha baadaye, imeonyesha tu tunaondoka. Kuhusu kifaa cha kupikia, hawana kumbukumbu ya kukichukua. Polisi anasema aliomba kuona chini ya mtandio na mama akauvua mwenyewe kwa hiari. Hakuna shahidi. Mlalamikaji mwenyewe, kwa simu, amesema yu mzima na hana malalamiko zaidi. Kwa hiyo huduma ilikuwa ya kukubalika.

"Rudia hapo kati," mama akasema.

"Wapi?"

"Nani kavua?"

"Wameandika wewe."

"Kwa hiari."

"Ndiyo, mama."

Akaichukua barua, akaikunja mara nne kama leso. "Basi," akasema. "Nilitaka iandikwe, na imeandikwa. Nimevua mwenyewe, barabarani, mbele ya watu wa mpira." Akaenda chumbani akafunga mlango bila kishindo.

Sikulala vizuri siku ile wala iliyofuata. Nikilala niliota mama amechuchumaa barabarani anakuna, na kinachodondoka ni karatasi nyeupe nyembamba, zinajaza njia, na mimi naombwa nizisome na herufi hazikai. Shuleni walimu walifundisha mbali, kwenye upande wa pili wa kioo. Nilikuwa naijua siri moja ya aibu: katika barua ile kulikuwa na uongo wa polisi mmoja, na kulikuwa na ukimya wangu, na vyote viwili vilifika mahali pamoja.

Mwisho wa barua, kwa maandishi madogo, palisema mtu asiporidhika anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na siku za kufanya hivyo zinahesabika. Niliifungua fomu ile maktabani, kwenye meza ya dirishani. Mara hii sikuweka salamu. Niliandika: Mimi ni binti yake. Nilikuwepo. Jina langu halikuwemo mara ya kwanza kwa sababu tuliliacha. Halafu nikaeleza mkono ulipita wapi, pini ilianguka wapi, mabutu yalikuwa mangapi. Nikaandika pia kwamba sikusema kitu. Palipouliza kama tunahitaji mkalimani nikajibu ndiyo, kwa mama, na asiwe mimi.

Jioni nikamwonyesha mama kabla ya kutuma.

"Nilikwambia usijitie."

"Nimo, mama. Nilikuwa nimeshika nazi."

Alisoma Kiingereza changu polepole, mdomo unatikisika. Alipofika kwenye mabutu manne akapeleka mkono kichwani. "Umehesabu," akasema. Halafu akasema, "Tuma."

Walituita mwezi uliofuata, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye zulia la kijivu na dirisha ambalo matone yaliteremka mawilimawili. Mtu aliyepitia uamuzi alikuwa mzee kidogo, bega la koti lake limeanza kuachia uzi. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamke mwenye lafudhi ya Tanga, hatukumwona.

"Kabla hatujaanza," mzee akasema, "bibi anaendeleaje?"

"Sijambo," mama akasema. "Alhamdulillah."

"Yu mzima, anashukuru," simu ikatafsiri, na kalamu ya mzee ikaanza kwenda.

Nilisikia moyo wangu masikioni, mvumo uleule wa siku ya mpira. "Samahani," nikaliambia bega lake, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Hiyo ni salamu. Bado hajakujibu. Usiandike. Muulize tena."

Kalamu ikasimama. Kwenye simu, yule mama wa Tanga akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbushwa kwao. "Kweli anavyosema mtoto," akamwambia mzee. "Muulize tena."

Mzee akauliza tena, taratibu, kwani imekuwaje hasa. Mama aliligeukia dirisha. "Tangu siku ile," akasema, "hata nikijifunga mitandio miwili, najihisi kichwa wazi. Nikiwa nyumbani kwangu, nimefunga mlango, najihisi kichwa wazi. Mimi sikuvua. Nilikuwa namwonyesha nazi inavyokunwa."

Halafu ikawa zamu yangu. Nilitoa ushahidi wangu wote kwa ule uzi uliokuwa unafumuka, mwanzo hadi mwisho, na nilipofika mahali niliposimama nisiseme neno, sikumtazama mama. Chini ya meza nilisikia mguu wake umegusa wangu, ukabaki pale.

Jibu lilichukua muda hata tukazoea kutolingoja. Liliposhuka mlangoni mama alinipa nimsomee, na mimi nikalisoma jikoni, mara hii nimekaa. Upekuzi ule haukuandikwa kama unavyopaswa. Huduma haikuwa ya kukubalika. Polisi yule atafundishwa upya, na idara inaomba radhi. Na mstari mmoja, ambao mama alinirudisha kwake mara tatu: mtandio uliondolewa na polisi, haukuondolewa na mlalamikaji.

"Hivyo hivyo wameandika?"

"Hivyo hivyo."

Hakulia wala hakucheka. Alikwenda sebuleni na simu yake. Nilimsikia anampigia rafiki yake wa Stratford, yule wa hitma, na rafiki akawaunganisha wengine wawili, kwa sababu kwetu habari haiendi kwa mtu mmoja.

"Mimi sikuumwa na kichwa siku ile," mama akawaambia. "Nisikilizeni."

Akahadithia. Alianza na kikapu, akaja kwenye stesheni, na sauti yake ilipanda kidogo kidogo mpaka nikaitambua, ile ya jikoni za watu, ya kuamrisha sufuria. Wanawake walisema astaghfirullah mahali pake. Mmoja akasema, "Ningekuwepo mimi angekula ile mbuzi." Mama akacheka, sauti ya kukwaruza kidogo.

"Basi akaniondoa mtandio, shoga, mbele ya umma," akasema. "Mwanangu huyu mnayemwona bubu, akasimama mbele ya polisi, akamwambia mwache mama yangu."

Nilikuwa mlangoni. Ilikuwa tamu kuisikia. Kwa pumzi moja nilimwona msichana yule, ameweka mfuko wa nazi chini, ameinua uso. Ningeweza kumwacha abaki. Wanawake wale wangenisifu kwenye kila arusi mpaka yangu.

"Mama," nikasema. "Sikusimama. Nilinyamaza. Iliyoandikwa ndiyo hiyo."

Mama akanitazama, simu kwenye shavu. Wale wengine walikuwa wanangoja.

"Anasema alinyamaza," akawaambia. "Haya. Alinyamaza siku ile, akasema baadaye. Sasa ngojeni niwaeleze huko baadaye alivyosema."

Akasogea kwenye kochi, akanipisha nikae.